Kiti cha Mzee Nfaly Nyuma ya Goli

Kule Ségou, kwenye ukingo wa mto Niger, mtu wa ukoo wa Traoré akikutana na mtu wa ukoo wa Diarra, salamu yao ni matusi. Huyu atamwita mwenzake mla kunde, mwenzake atajibu kwamba kunde zenyewe zilitoka kwenye sufuria ya bibi yako uliyoiiba, na baada ya hapo ndipo wataulizana habari za nyumbani. Ni watani. Walikuwa watani kabla ya Wafaransa, kabla ya reli, kabla ya mpira wa miguu. Mtani ana ruhusa ya kukufanyia karibu kila kitu, ila hana ruhusa ya kukufanyia adabu.

Bourama Diarra alikuwa amemfanyia adabu Zoumana Traoré kwa miezi miwili mizima.

Vijana hawa walikuwa na miaka kumi na sita kila mmoja, wakicheza katika Chipukizi wa Pelengana, Bourama beki wa kati na Zoumana kipa nyuma yake. Walikuwa wamekulia mtaa mmoja na kutukanana tangu wapate meno. Kocha Sangaré alizoea kusema kwamba hana haja ya kuwafundisha kuelewana uwanjani, maana kila mpira ulipokuja walibwatukiana, na ndani ya kubwatukiana kule mlikuwa na habari zote alizohitaji mchezaji. "Kaa kando, mla kunde, wangu huo." "Uchukue basi, na tumbo lako." Washambuliaji wa timu nyingine walikuwa wakicheka hadi wanasahau kupiga. Kisha Mzee Nfaly, baba yake Zoumana, akafariki, na mdomo wa Bourama ukafunga.

Sasa walikuwa ndani ya basi, timu nzima, wakielekea Senegal. Walikuwa wamealikwa mji wa Thiès kufanya mazoezi na vijana wa huko, na siku zitakazobaki watembee waone nchi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuvuka mpaka wowote. Aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi wazazi wakubali safari hii alikuwa Mzee Nfaly mwenyewe, na ndiye ambaye hakuiona.

Mpakani Kidira walipanga mstari. Afisa aliyekuwa dirishani aliishika pasipoti ya Zoumana kwa vidole viwili kana kwamba inanuka.

"Traoré," akasoma kwa sauti. "Huku kwetu Traoré ni Diop. Na mimi ni Ndiaye. Unajua maana yake?"

"Najua," Zoumana akasema.

"Maana yake wewe ni mtumwa wangu uliyenitoroka, na leo umejileta mwenyewe. Nani kakuruhusu kuvuka na tumbo hilo? Mchele wa nchi hii una wenyewe."

Pembe ya mdomo wa Zoumana ilianza kucheza. Lakini Bourama, aliyekuwa nyuma yake, akapenyeza kichwa.

"Afande, samahani sana. Huyu amefiwa na baba yake. Naomba usimtanie."

Afisa akaichukua pasipoti ya Bourama, akaisoma. "Diarra. Kwa hiyo wewe ni Ndiaye mwenzangu."

"Ndiyo, afande."

"Huyu amefiwa, halafu wewe ndiye unayeninyamazisha mimi?"

Afisa akatikisa kichwa, akagonga mhuri, akamrudishia Zoumana pasipoti kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mtu anavyomrudishia mgeni asiyemjua. "Pole sana, kijana," akasema. Uso wa Zoumana ukafunga kama duka saa ya swala. Bourama akarudi kwenye basi akiamini amemkinga rafiki yake.

*

Kambini Thiès kulikuwa na uwanja wa mchanga, bweni lenye feni mbili, na jiko lililotawaliwa na Mama Maguette Ndiaye. Mumewe alikuwa mtu wa reli, na yeye mwenyewe aliishi Kayes, upande wa Mali, miaka mingi, hata Kibambara chake kilikuwa na matusi ambayo vijana wa Ségou hawakuwahi kuyasikia. Siku ya kwanza alipita kati ya masinia ya wali na samaki akiuliza majina.

"Na wewe mrefu, kipa, unaitwa nani?"

"Zoumana Traoré."

Mwiko ukasimama hewani. "Diop. Wameniletea Diop jikoni kwangu. Nyie watoto, kila mtu ashike samaki wake, ameingia fisi."

Vijana wote wakainamia masinia. Kocha Sangaré akakohoa. Bourama alikuwa ameshainuka nusu, tayari kusema maneno yake ya mpakani, lakini Zoumana akamtangulia.

"Mama, mimi nilisikia Ndiaye akianza kupika, hata paka wa nyumba anaaga."

Mama Maguette akacheka hadi akashika ukuta. Akamtupia kipande kikubwa cha samaki, akamwambia ale haraka kabla hajabadili mawazo. Zoumana akala, na alikuwa anatabasamu.

Lilikuwa neno la kwanza la utani kutoka kinywani mwake tangu mazishi, naye akampa mtu baki. Bourama alipaswa kufurahi. Badala yake alisikia wivu ukimchoma kifuani, akauonea aibu, akamega samaki wake mwenyewe na kumsogezea Zoumana.

"Asante," Zoumana akasema, bila kumtazama. "Huna haja."

Ndivyo ilivyokuwa. Bourama alimbebea begi. Alimpisha bafuni. Zoumana alipofungwa mazoezini bao ambalo hata mtoto wa darasa la pili angelidaka, Bourama alimpigia makofi na kusema, "Si kosa lako." Na kadiri alivyozidi kuwa mwema, kipa alizidi kugandia kwenye mstari wa goli. Krosi zilipita mbele yake kama magari yanavyompita mtu asiye na safari. Kocha Sangaré alisimamisha mazoezi akaja kusimama katikati yao.

"Nyinyi wawili mna nini? Mnacheza kama watu waliokutana kwenye basi."

Wakasema hawana kitu.

Jioni hiyo, wakianua soksi kwenye kamba, Zoumana akamwambia kwa sauti ya taratibu, "Tukirudi nahamia Sikasso. Baba mdogo ana duka la vipuri vya pikipiki, amesema nikitaka niende. Nilitaka ujue kabla ya kocha."

Bourama alihisi kama amekanyaga pasipo na ngazi. "Na mpira?"

"Glavu nitamwachia Issa. Amechoka kukaa benchi."

Mtani wa kweli hapo angekuwa na mengi ya kusema. Angesema Sikasso wana njaa ya kutosha bila kuletewa Traoré mwingine. Angesema pikipiki za Sikasso zikikuona zitaota kutu. Maneno hayo yalimjia Bourama, yakafika hadi kwenye meno. Akayameza.

"Mungu akutangulie," akasema.

Zoumana alisubiri kidogo, soksi mkononi, kama mtu anayesubiri chenji yake. "Amina," akasema hatimaye, akaingia ndani.

*

Sasa niseme kilichotokea mazishini, maana bila hicho Bourama ataonekana mpumbavu tu, na hakuwa mpumbavu kiasi hicho.

Kwao, mtu wa ukoo wa Traoré akifa, akina Diarra wana kazi. Wengine wanalia, wao wanaleta fujo. Mmoja atavaa kanzu ya marehemu na kutembea kama alivyotembea, mwingine atalala njiani kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatoka, na msiba utapata pa kupumulia. Wazee wa akina Diarra walifanya yao. Kisha mmoja wao akamshika Bourama bega, akampa kiti cha kukunja cha Mzee Nfaly, akamwambia, "Wewe ndiye mtani wa mwanawe. Mwoneshe baba yake."

Kiti kile kila mtu alikijua. Mguu mmoja ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Mzee Nfaly alikwenda nacho kila mechi, akakaa nyuma ya goli la mwanawe na jiko dogo la mkaa na birika la chai, akitoa ushauri ambao haukuwahi kuwa na faida kwa mtu yeyote. Ndiye aliyemnunulia Bourama viatu vya kwanza vya mpira, akisingizia kwamba muuzaji alikosea saizi. Bourama alikipokea kiti, akakifungua mbele ya watu wote, mbele ya Zoumana aliyekuwa anamtazama. Kisha akakikalia na kulia kama mtoto.

Watu walimwonea huruma. Walisema kijana ana moyo. Naye aliondoka pale akiamini kwamba machozi yale ndiyo yalikuwa heshima kubwa kuliko zote.

*

Siku ya matembezi walipelekwa Ziwa Retba, kule wanakochota chumvi. Vijana wa Ségou ni watoto wa mto, na tangu asubuhi walikuwa wakijigamba jinsi watakavyopiga mbizi. Ziwa likawakatalia. Maji yale yana chumvi nyingi hata mtu hazami, unaelea tu utake usitake, na wenye mikwaruzo ya mazoezini walitoka wakirukaruka na kuyatukana. Wanawake waliokuwa wakipakua chumvi kwenye mitumbwi waliwacheka waziwazi.

Zoumana alilala chali juu ya maji, akafumba macho, mikono akaikunja kifuani. Issa, kipa wa akiba, mtoto mdogo mwenye mdomo mkubwa, akamwona.

"Jamani, mtazameni Zoumana. Maiti hana habari."

Kabla Issa hajafunga kinywa, Bourama alikuwa ameshamshika shingo na kumsukuma, na Issa akaanguka kwenye maji yale na kupata chumvi machoni.

"Huna akili?" Bourama akamfokea. "Hujui mwenzako yuko kwenye msiba?"

Zoumana akasimama. Maji yalimfika kiunoni. Kwa miezi miwili hakuwa amempandishia mtu sauti.

"Mwache. Nimesema mwache. Nani kakupa kazi ya kunilinda?"

"Zoumana, mimi nilikuwa..."

"Wote mnanishika kama yai. Mama ananishika kama yai, kocha ananishika kama yai. Sawa, hao ni wao. Lakini wewe?" Akajipangusa maji usoni. "Siku ile ulipewa kiti. Nikasema moyoni, sasa Bourama ataharibu mambo, sasa nitapumua. Ukakaa ukalia. Nani alikwambia ulie? Kulia ilikuwa kazi yangu. Ya kwako ilikuwa nyingine, na hukuifanya."

"Nilimpenda mzee."

"Najua ulimpenda. Wote walimpenda. Niliyemtaka pale alikuwa mtani, akaja mgeni wa msibani. Tangu siku hiyo unanisalimia kama unamsalimia imamu."

Akatoka majini, akaenda kukaa ndani ya basi peke yake, chumvi ikimkaukia mgongoni. Kwa njia yote hadi Dakar, mbele ya bahari ambayo wenzake waliipigia kelele, Bourama hakuona kitu. Alikuwa amekaa karibu na dirisha akiyarudia maneno yale, na kila alipoyarudia yalikuwa ya kweli zaidi.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda jikoni. Mama Maguette alikuwa anakata vitunguu.

"Mama, mazishi ya mtu yakishapita miezi miwili, mtani bado anaweza kufanya kazi yake?"

Mama hakuinua macho. "Inategemea. Marehemu ameshazikwa?"

"Amezikwa."

"Kwenye kaburi, ndiyo. Nauliza kwa mwanawe."

Mama akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Mzee mwenyewe alikuwaje?"

Akaanza kumsimulia kwa haya. Kiti cha kukunja. Birika. Kanzu pana ambayo bega lake la kushoto lilikuwa haliishi kuteleza, naye haachi kulirudisha. Jinsi ambavyo hakuwahi kuelewa kuotea, akadai ni uonevu tu. Jinsi alivyokuwa akimpigia mwanawe kelele, "Toka uufuate, mpira haung'ati." Na jinsi ambavyo katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona bao hata moja likiingia golini kwa Zoumana, kwa sababu kila mara bao lilipoingia yeye alikuwa anamimina chai au anarudisha kanzu begani. Akiinua kichwa, watu wanashangilia. Anauliza, "Limeingia? Mimi sijaona." Na mjini kote aliapa kwa Mungu kwamba mwanawe hajawahi kufungwa.

Mama Maguette alikuwa ameacha vitunguu. Alicheka, akajifuta macho, akacheka tena. Bourama naye akajikuta anacheka, mara ya kwanza tangu mzee afe, na katikati ya kicheko alimwona Mzee Nfaly wazi kabisa, na bega lake lililo wazi.

"Mume wangu ameacha kanzu," Mama akasema akinyanyuka. "Ni ya bluu. Kiti kipo, birika lipo. Nenda kamwambie kocha wako."

Kocha Sangaré alikuwa akipanga kikosi cha mechi ya kuagana na vijana wa Thiès.

"Kocha, kipindi cha kwanza usinipange."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nina kazi ya ukoo. Ile ambayo sikuifanya mazishini."

Kocha naye alikuwa na watani wake, akawafikiria. "Kipindi kimoja tu," akasema. "Na refa akikufukuza, mimi sikujui."

*

Watu walijaa kandokando ya uwanja, kina mama na wauza karanga na watoto waliokalia matairi. Vijana wa Thiès walikuwa wepesi, wakafunga mapema. Krosi ilipita mbele ya Zoumana, yeye kwenye mstari wake, akaitazama mpaka ikafika kichwani kwa mtu.

Wakati huo huo nyuma ya goli akatokea mzee. Alikuwa na kanzu ya bluu iliyomzidi, kofia iliyokaa upande, birika mkono mmoja na kiti mkono mwingine. Alitembea miguu nje, tumbo mbele, akiwasalimia watu asiowajua kwa sauti ya kukwaruza. Kiti kikamsumbua kufungua. Akakipiga kofi, akakitukana, akakaa, bega la kanzu likateleza, akalirudisha.

Wachezaji wa Pelengana walimwona wote. Mmoja aliacha mpira ukampita. Zoumana pekee ndiye ambaye hakugeuka, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa.

"Wewe mtoto," mzee akaanza. "Mbona umesimama hapo? Goli umelipanga kodi?"

Zoumana akarekebisha glavu zake, macho mbele.

"Yule wa jezi nyeupe amesimama pale tangu asubuhi, mnamwita kuotea. Kuotea ni nini? Mtu amechoka, amepumzika. Uonevu mtupu."

Watazamaji wakaanza kucheka. Bourama, ndani ya kanzu ile, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mshambuliaji yeyote. Kama amekosea, hapa ndipo atakapompoteza rafiki yake moja kwa moja, mbele ya mji wa watu. Akainua birika juu, akaanza kumimina chai isiyokuwamo kwenye glasi isiyokuwapo, polepole, ulimi nje, kama mzee alivyokuwa akifanya.

Vijana wa Thiès wakafunga la pili. Uwanja ukalipuka.

Mzee akainua kichwa kutoka kwenye birika, akatazama huku na huku, akarudisha kanzu begani.

"Vipi, limeingia?" akauliza. "Mimi sijaona. Mwanangu hajawahi kufungwa."

Zoumana akaegemea nguzo ya goli. Mabega yakaanza kutikisika. Akapiga magoti, glavu usoni, na ikatoka sauti ambayo hakuna aliyeweza kusema ni kilio au kicheko, maana vilikuwa vyote viwili na havikutaka kupishana. Alikuwa analia kwa mdomo wazi, akicheka, akijaribu kuvuta pumzi na kushindwa.

Refa akaja mbio, mkono mfukoni kutafuta kadi. "Huyu mzee ni nani? Mtoe nje."

"Mwache, refa," Mama Maguette akaita kutoka kwenye mstari. "Kipa ana msiba wa baba. Mtani wake yuko kazini."

Refa akasimama. "Mtani wa wapi?"

"Ndiaye kwa Diop."

Refa aliwatazama wale vijana wawili, mmoja kwenye mchanga na mwingine kwenye kiti, machozi yakimtiririka yeye naye bila kuacha kumimina chai. Akauacha mkono utoke mfukoni. Akainama, akafungua kamba ya kiatu chake iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa, akaanza kuifunga upya taratibu.

Mpira ulipoanzwa tena, Zoumana alikuwa amesimama, uso umejaa mchanga. Krosi nyingine ikaja kutoka kulia, ya juu.

"Toka uufuate," mzee akapaza sauti. "Mpira haung'ati."

Zoumana akatoka. Alipaa juu ya watu wawili, akaudaka, akaanguka nao, akainuka nao. Na bila kugeuka nyuma, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza karanga, akasema, "Nyamaza huko, mla kunde. Chai yenyewe hujui kumimina."

Bourama alikaa pale kwenye kiti cha Mama Maguette, birika mkononi. Tusi lile lilimwingia mwilini kama maji kwa mtu aliyefunga.

Kipindi cha pili alivua kanzu, akaingia uwanjani, na wakatukanana hadi filimbi ya mwisho. Walifungwa mbili kwa moja, na kama kuna aliyejali ni Kocha Sangaré peke yake, naye si sana. Filimbi ilipolia Bourama akalala chali kwenye mstari wa goli, mikono kifuani.

"Toka njiani," Zoumana akasema. "Tunataka kwenda kuoga."

"Mimi ni jeneza la baba yako. Sipiti mpaka nilipwe."

"Sina kitu."

"Basi naozea hapa."

Zoumana akamruka. "Kesho," akasema.

Na kesho yake asubuhi, mabegi yakiwa tayari juu ya basi, Zoumana alikuja kutoka barabarani na mkate uliofungwa kwa gazeti. Nje ya geti kulikuwa na mama aliyeuza ndambe, kunde zilizopikwa na kitunguu na pilipili, zikajazwa ndani ya mkate hadi zinamwagika. Akauweka mkononi mwa Bourama.

"Malipo yako. Kula, mla kunde, mbele yangu nikuone."

Bourama alikula. Zilikuwa na pilipili nyingi, macho yakamtoka maji, akawa na kisingizio. Zoumana alisimama akimtazama mpaka kunde ya mwisho, kisha akapangusa mikono yake ingawa haikuwa na kitu.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa mzee amezikwa."

*

Kidira walimkuta afisa yule yule dirishani. Alizikumbuka nyuso, akazichukua pasipoti mbili kwa pamoja, akamtazama Bourama na kungoja.

"Mpekue vizuri, afande," Bourama akasema. "Ameondoka na nusu ya mchele wenu. Umo humo tumboni."

"Afande, huyu simjui," Zoumana akasema. "Alipanda njiani, tukamwonea huruma."

Afisa hakucheka. Alizikunjua pasipoti kwa utaratibu mkubwa wa serikali, lakini masharubu yake yalikuwa yanacheza. "Diop. Ukivuka hapo unakwenda kuishi wapi? Nijue pa kukufuata."

Lilikuwa swali la utani. Hata hivyo Zoumana alikawia kulijibu, na Bourama akalikumbuka duka la vipuri la Sikasso.

"Ségou," Zoumana akasema. "Pelengana, karibu na uwanja. Ukifika uliza jirani mwenye kelele kuliko wote, mla kunde mmoja hivi. Kwetu ni mlango unaofuata."

Afisa akagonga mhuri, akamtupia pasipoti yake kwa mkono mmoja, bila heshima yoyote.